Ukwato Huanzia Horini

Punda wa marehemu baba alikuwa jike wa kijivu, na kwa miaka mingi alibeba mchanga wa kujengea kutoka ufukweni hadi ndani ya mji wa Lamu, shogi likining'inia pande zote mbili, akipenya vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana sharti mmoja ajibanze ukutani. Mwaka mmoja kazi za ujenzi zikapungua, naye akabaki zizini. Mama alimwonea huruma. Kila jioni alimpelekea makoko ya ugali, mikate iliyolala, maganda ya maembe na nusu ndoo ya pumba za mahindi. Punda akanenepa. Shingo ikatuna hadi mstari wa manyoya yake ukainama upande mmoja. Majirani walimsifu, nasi tukaona tumemlipa fadhila zake.

Miezi michache baadaye alianza kutembea kama anayekanyaga makaa. Kwato za mbele zikarefuka na kupinda juu kama ncha za makubadhi. Baba akamwita fundi wa kwato, akaja na kisu na tupa, akakata. Baada ya miezi miwili hali ikawa ile ile, akakata tena. Akalaumiwa, akaitwa fundi mwingine, naye akakata zaidi, mpaka damu ikatoka. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yule punda anakula nini. Asubuhi moja tulimkuta amelala, na hakuinuka tena.

Nimeishi na swali hilo miaka mingi. Nimelifuatilia kwa madaktari wa mifugo, kwa wafugaji wa farasi na katika maandishi ya wataalamu wa mbali, na kila nilipochimba nilirudishwa palepale: pale horini, kwenye ile ndoo ya mama.

Ukwato wa farasi, sawa na wa punda, umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilichomo katika kucha na nywele zetu. Hauoti kutoka chini unapogusa ardhi. Huzaliwa juu, kwenye ukingo yanapokomea manyoya ya mguu, kisha huteremka polepole, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa upande wa mbele, safari ya kutoka ukingoni hadi ardhini huchukua miezi 9 hadi 12. Kisigino ni kifupi, kwa hiyo huweza kujifanya upya kwa miezi 4 au 5. Maana yake ni kwamba kile kipande ambacho fundi anakikata leo kilitengenezwa karibu mwaka mzima uliopita, kwa chakula cha wakati ule na kwa afya ya wakati ule. Kisu hukutana na mambo yaliyokwisha kutendeka.

Mwenye mnyama anaweza kuyasoma mambo hayo kwa kidole. Pitisha kidole juu ya ukuta wa ukwato kutoka juu kwenda chini. Ukikuta mifuo midogo iliyolala sambamba, ni alama za mabadiliko ya kawaida: mvua zilianza, majani mapya yakaota, mnyama akaugua homa. Lakini mifuo ikiwa imebanana kwa mbele na kuachana kwenye kisigino, kama ukili uliofumuka upande mmoja, hapo kuna habari nzito. Huo ukwato umepata, au unaendelea kupata, ugonjwa ambao wataalamu huuita laminaitisi.

Ili kuuelewa ugonjwa huu inabidi tuingie ndani kidogo. Katika kila ukwato kuna mfupa mmoja wenye umbo la ukwato wenyewe. Mtu angedhani mfupa huo umekaa juu ya unyayo kama mtungi juu ya kata. Sivyo. Umening'inia. Umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa vijikunjo vyembamba vilivyofumana na vijikunjo vya upande wa pili, kama mtu anavyofumanisha vidole vya mikono yake miwili. Katika ukwato wa farasi vijikunjo vikubwa ni kati ya 550 na 600, na kila kimoja kimeota vidogo zaidi ya mia moja ubavuni mwake. Farasi wa kilo 500 anasimama, anakimbia na kuruka vizingiti akiwa ameshikiliwa na mfumo huo. Vijikunjo vikiathirika vikanyooka na kuachia, mfupa hupoteza mshiko. Ncha yake huanza kuelekea chini, ikigandamiza unyayo kutoka ndani, na ukuta wa mbele hukimbilia mbele. Ndiyo sababu zile kwato hupinda kama makubadhi. Punda wetu hakuwa na kwato ndefu tu za kupunguzwa. Alikuwa na mfupa ulioachwa bila mwenye kuushika.

Kwa karne nyingi watu walijua kwamba farasi akivunja ghala na kula nafaka kupita kiasi huishia kuwa kiwete. Lakini wale wanaougua taratibu, bila kuvunja ghala la mtu, walikuwa fumbo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha jaribio lililobadilisha mawazo ya wengi. Walichukua farasi wadogo aina ya poni, wazima kabisa, wakawapa insulini nyingi kupitia mshipa huku wakihakikisha sukari ya damu haishuki. Ndani ya saa 72 poni wale wakapata laminaitisi. Hawakuwa wamekula nafaka yoyote ya ziada, wala tumbo lao halikuwa na tatizo. Insulini peke yake ilitosha.

Na insulini hupandishwa na nini? Sukari na wanga. Kwa farasi wa Ulaya na Amerika, hatari kubwa ni majani mabichi ya masika yaliyojaa sukari, hasa baada ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali. Kwetu hatari huvaa nguo nyingine: mkate, ugali, maganda ya maembe, molasi inayonyunyiziwa chakula ili mnyama akipende, ncha za miwa, pumba zilizobaki na unga mwingi. Mnyama mwenye kazi nzito anaweza kuviunguza vyakula hivi kwa kiasi. Mnyama aliyesimama zizini na kunenepa hana pa kuvipeleka. Ile shingo iliyotuna ambayo majirani waliisifu ilikuwa dalili ya kwanza, nasi tuliipigia makofi.

Punda yuko hatarini zaidi, kwa sababu ya asili yake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alifugwa kwanza Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Jamaa zake wa mwituni, ambao leo wamebaki wachache mno Eritrea na Ethiopia, huishi katika jangwa la mawe wakila vichaka ambavyo ng'ombe angevipita. Mwili wa namna hiyo unatunza kila punje ya nguvu inayoingia. Chakula kikavu cha asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wake humtosha kwa siku. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni kama kilo 2 hadi 2.7, na sehemu kubwa yake iwe nyasi kavu za kawaida, mabua na majani makavu yenye nyuzinyuzi. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au anayebeba mizigo kutwa huongezewa. Lakini anapokuwa mnene asinyimwe chakula ghafla. Punda akifungishwa njaa, mafuta ya mwilini humiminika ndani ya damu na anaweza kufa kwa siku chache. Apunguzwe kidogo kidogo, kwa wiki nyingi.

Nataka kukaa zaidi kwenye pumba, maana ndicho chakula kinachotumika mno katika mazizi yetu na ndicho kinachoeleweka kidogo mno. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mnyama anayelishwa pumba siku zote bila kitu cha kusawazisha hulazimika kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na baada ya muda mifupa ya uso huvimba na viungo kuuma. Huko Ulaya farasi wa wenye mashine za kusaga nafaka walikuwa wakiugua hivyo, kwa kuwa pumba zilikuwa hazina gharama kwao. Wafugaji wa farasi wa nyanda za juu za Kenya wana jambo la ziada la kuangalia: nyasi za kikuyu, zilizojaa malisho ya huko, zina oksalati inayoifunga kalsiamu tumboni hata isifyonzwe. Majani ya lusini yana kalsiamu nyingi na husaidia kurudisha mizani, ilimradi yasigeuzwe kuwa mlo mzima.

Kisha kuna madini madogo. Kuna mtindo wa kumnunulia mnyama dhaifu dawa ya chuma ya kuongeza damu. Majani tayari yana chuma cha kutosha na zaidi. Vinavyopungua mara nyingi ni zinki na shaba, na hivi ndivyo vinavyohitajika kuifunga keratini iwe ngumu. Farasi wa kilo 500 asiye na kazi nzito anahitaji kama miligramu 400 za zinki na 100 za shaba kwa siku, uwiano wa nne kwa moja. Mizani hiyo ina uzito kuliko wingi. Chumvi ya kawaida iwepo zizini muda wote. Madini ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya farasi ni bora kuliko ya ng'ombe, kwa sababu baadhi ya vyakula vya ng'ombe hutiwa dawa ya kukuza mifugo ambayo ni sumu kwa farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Seleniamu nayo haichezewi: farasi huyo anahitaji kama miligramu 1 kwa siku, na akizidishiwa sana manyoya ya shingo na mkia hunyonyoka, ukwato ukapasuka kwa kukingama chini ya ukingo wake.

Kuhusu bayotini, vitamini ambayo kila mwuza dawa za farasi huisifia, tuna ushahidi mzuri kutoka Vienna. Katika shule maarufu ya Kihispania ya kupanda farasi ya mji huo, madume 42 weupe wa aina ya Lipizzaner waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 20 za bayotini kila siku, jingine likapewa kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Kwato za waliopewa bayotini ziliimarika, lakini haikuonekana hivyo mpaka baada ya miezi 9. Na bayotini haikuufanya ukwato ukue haraka. Uliokuwa ukiota ulikuwa bora zaidi, basi, nao ulihitaji muda wake kuteremka. Kila ninapomsikia mtu akisema alimpa farasi wake virutubisho mwezi mzima akaacha kwa kutoona faida, nawakumbuka wale madume wa Vienna.

Sasa tuje kwenye kisu, kwa sababu chakula peke yake hakipunguzi ukwato uliokwisha kupinda.

Farasi waliishi na binadamu maelfu ya miaka kabla ya kupigiliwa vyuma miguuni. Mgiriki Xenophon, askari aliyeandika kitabu cha utunzaji wa farasi yapata miaka 2,400 iliyopita, hakutaja chuma. Alishauri uwanja wa zizi umwagiwe mawe ya mviringo, mikokoteni minne au mitano, ili farasi anaposimama na kusuguliwa awe anakanyaga mawe na kukomaza kwato zake. Vyuma vya kupigilia kwa misumari vilienea Ulaya katika Zama za Kati. Leo kuna vuguvugu kubwa la kuwarudisha farasi pekupeku, na sehemu ya hoja yake hutoka kwa farasi wa mwituni ambao kwato zao hujisaga zenyewe.

Mimi napenda pekupeku, ila hoja hiyo ya mwituni naiona inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Watafiti wa Australia waliowafunga mikanda ya kufuatilia mwendo farasi pori wa jangwani waliwaona wakitembea wastani wa karibu kilomita 16 kwa siku. Ni mwendo huo juu ya ardhi ngumu unaozifupisha kwato zao. Farasi anayetembea hatua mia mbili zizini hawezi kudai kwato za jangwani. Isitoshe, watafiti hao hao walipochunguza kwato za farasi pori 100 walikuta kasoro nyingi, pamoja na dalili za laminaitisi ya zamani. Mwitu hauponyi kila kitu.

Kinachofanya mguu mtupu uwe na maana ni jinsi unavyofanya kazi. Ukwato hupanuka kidogo unapokanyaga na kujibana unapoinuliwa. Katikati ya unyayo kuna kipande laini chenye umbo la kabari, na juu yake mto wa nyama na nyuzi unaopokea kishindo. Kabari hiyo ikigusa ardhi ipasavyo, kisigino ndicho hutua kwanza, damu husukumwa, mto hunenepa na kuwa imara. Chuma kilichopigiliwa pande zote hupunguza mchezo huo, na kisigino kirefu kupita kiasi huiinua kabari isiguse kitu.

Kwa hiyo fundi mzuri wa mguu mtupu hukata kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Unyayo mzima hauchongi, kwa kuwa huo ndio ngao ya mfupa. Unene wake ukiwa chini ya sentimita moja na nusu hivi, mnyama ataumizwa na kila kokoto. Kabari nayo huiacha, akiondoa vipande vilivyoning'inia na kuoza tu. Hushusha kisigino awamu kwa awamu, na ukuta wa mbele uliokimbia huurudisha nyuma kwa tupa, kisha huuviringisha ukingo wa chini kama ukingo wa sahani, ili ukuta usibanduliwe kila mnyama anapopiga hatua. Kila ukuta mrefu unaobaki ni wenzo unaoing'oa ile mishiko ya ndani. Ndiyo maana kukata kidogo kila wiki 4 hadi 6 kwa farasi, na 6 hadi 10 kwa punda, ni bora mara nyingi kuliko kukata kwingi kila baada ya miezi minne. Wale mafundi wa baba hawakuwa wabaya. Waliitwa kwa kuchelewa, wakajaribu kumaliza kazi ya mwaka kwa alasiri moja.

Na fundi akijua farasi peke yake, amwangalie punda upya. Ukwato wa punda ni mwembamba, umesimama zaidi, na umbo lake linafanana na herufi U. Akiuchonga uwe wa mviringo na wa kulala kama wa farasi, amemharibu. Pia ukwato wa punda hunywa maji upesi. Umeumbwa kwa nchi kavu, na masika ya pwani huulainisha, ukaanza kuoza kwenye mstari mweupe unaouunganisha ukuta na unyayo. Banda lenye sakafu kavu iliyoinuka, na mkono wenye kuchokoa uchafu kila jioni, vinazuia mengi ambayo dawa hushindwa.

Siwapingi wanaotumia vyuma. Farasi wa mashindano, anayefanya kazi kutwa kwenye lami, au aliye na tatizo ambalo daktari ameamua lishikiliwe kwa chuma maalumu, ana haki ya chuma chake. Ninachopinga ni kuvua vyuma leo na kumpanda kwenye changarawe kesho, kisha kusema pekupeku haifai. Unyayo unahitaji miezi ya kunenepa, ukianzia ardhi laini. Nami napinga pia kuvua vyuma huku hori limejaa molasi.

Dalili za laminaitisi ya ghafla zinapaswa kujulikana katika kila nyumba yenye mnyama wa namna hii. Husimama akiegemea nyuma, miguu ya mbele ameitupa mbele. Hugoma kugeuka. Kwato huwa na joto, na ukishika nyuma ya kifundo cha chini unasikia mshipa ukidunda kwa nguvu. Asilazimishwe kutembea hata hatua moja isiyo ya lazima. Nafaka na vitamu viondolewe, atandikiwe mchanga laini mwingi, miguu iwekwe ndani ya barafu ikiwezekana, na daktari wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo. Lamu kulikuwa na zahanati ya punda iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1987, na matibabu yake yalikuwa hayalipiwi. Nyumbani kwetu tuliijua. Tuliichukulia kuwa ni ya punda waliovunjika mguu, wala hatukuona kwamba kwato zilizopinda nazo ni ugonjwa.

Mpwa wangu sasa ana punda dume wa miaka sita, alimnunua akiwa na kwato zilizotanuka kama vifuu. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Mjomba, nimtafutie fundi gani?" Nikamwambia kwanza anionyeshe anachomlisha. Tukaondoa mikate na ugali. Tukaacha nyasi kavu alizopima kwa mizani ya dukani, konzi ya lusini, chumvi, na madini ya unga. Kisha fundi akaja, akakata kidogo, na kabla hajaondoka nilimwomba achore kwa pembe ya tupa mstari mwembamba juu ya ukuta wa mbele, chini kidogo ya manyoya, usioingia ndani.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mpwa wangu hupima kwa rula ya shule ya mwanawe na kuandika kwenye mlango wa banda kwa chaki. Juzi alinitumia picha. Mstari umeshuka sentimita nne. Juu yake ukuta umeteremka wima, laini, bila mfuo hata mmoja uliopotoka. Chini yake bado umetanuka vile vile. Fundi atarudi Jumamosi.